Mwalimu Sayari na Ripoti ya Mdogo Wake

Ndugu waombolezaji, familia imenituma mimi, mdogo wake marehemu, niwasomee maisha yake, na naomba mnivumilie, kwa kuwa mbele kuna mahali patakaponiwia pagumu.

Dada yetu, mliyemzoea kwa jina la Mwalimu Sayari, alizaliwa tarehe 14 Machi 1974, kifungua mimba wa mama mshonaji na baba mlinzi wa maghala, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali, na mama anasema binti yake huyu hakuwahi kumaliza kikombe cha chai akiwa amekaa. Alisoma shule ya msingi kuanzia 1981 hadi 1987, sekondari hadi 1991, akahitimu ualimu Novemba 1994, na Januari iliyofuata akaanza kufundisha sayansi katika shule aliyodumu nayo hadi mwisho. Tarehe 8 Agosti 1998 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi umeme, mtu mpole ambaye hadi leo anajishangaa alipata wapi ujasiri wa kumposa, wakajaliwa mabinti wawili.

Mwaka 2016 alianza kufundisha mabadiliko ya tabianchi kwa maigizo, mtoto mmoja akiwa Jua, mwingine setilaiti inayozunguka uwanja mbio ikipima joto, mwingine Dunia, na waliobaki wakiwa moshi wa magari, wa viwanda na wa misitu iliyochomwa, kila moshi ukimfunika Dunia blanketi, hadi setilaiti ipige kelele kwamba mgonjwa ana homa, ndipo wabishane nani aanze kuondoa lake.

Jumatatu, tarehe 19 Septemba 2022, mimi, mkaguzi wa shule, niliingia getini saa tano asubuhi, nikamkuta mtoto anatiririka jasho ndani ya mablanketi saba, na bila kuuliza mtu nikaandika katika ripoti yangu kwamba mwalimu huyu anatesa watoto, nikijisifu moyoni kwamba sipendelei ndugu. Aliondolewa kwenye sayansi, akapewa kufundisha mwandiko. Hakuninunia, na hilo ndilo lililonikera zaidi, alinitaka tu nije nitazame igizo hadi mwisho, nami kila mara nilikuwa na kazi nyingi.

Figo zilianza kumsumbua Februari 2024, lakini hata wodini hakutulia, aliwapanga wagonjwa wenzake kuwa sayari, na muuguzi wa zamu akakubali kuwa Mwezi. Kila nilipokwenda kumwona aliuliza kama nitaifuta ripoti ile, nami nilimjibu kwamba taratibu ni ndefu. Alifariki Jumatano, tarehe 11 Juni 2025, saa nane mchana.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, majirani waliopika na kufua bila kuombwa, na walimu wenzake walioendeleza igizo kimyakimya baada ya masomo, wakinificha mimi, asanteni kwa kunificha.

Asubuhi hii nimemkabidhi mwalimu mkuu barua ya kuifuta ripoti ile. Ina mistari sita, dada, niliiandika kwa dakika kumi, nami nilikunyima dakika hizo karibu miaka mitatu. Nisamehe, na sasa pumzika, dada yangu, kwa amani.