Siku Editha Alipokataa Kibuyu cha Matanga

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zangu! Aliyechoka aitikie akiwa ameketi. Mungu anamsikia hata mtu aliyekaa chini.

Mimi ni Bibi Kasiana, wa hapa Songea, upande wa Mshangano. Shule niliishia darasa la pili, lakini haya nimeyaandika kwa mkono wangu huu huu unaolima mahindi. Mkikuta herufi zimelala, ziinueni muendelee.

Nataka kumshuhudia Mungu juu ya Editha, kitinda mimba wangu. Wengi wenu mnamjua, ila mnamjua vibaya. Mlimwona sokoni siku ile alipovua nguo, basi mkabaki na picha hiyo. Mimi namjua Editha fundi cherehani. Akishona sare ya shule, mtoto ataivaa mpaka imbane, mdogo wake ataivaa, na mshono haujaachia! Najivuna, ndiyo. Nimemzaa mwenyewe.

Ugonjwa ulianza alipojifungua Neema, mjukuu wangu ninayekaa naye. Akawa anasikia watu wanamsema kutoka darini. Ndugu zangu, nyumba yangu haina dari! Nikamwambia, "Editha, juu ni bati tupu." Akanijibu, "Ndiyo hao, Mama. Wamekaa juu ya bati."

Kisha akagundua pombe. Alianza na komoni, akahamia kwenye gongo. "Nikinywa wanashusha sauti," aliniambia, na alisema kweli. Gongo iliwanyamazisha jioni. Asubuhi walirudi na wenzao. Akawa anakunywa kwa sababu ya sauti, na sauti zinaongezeka kwa sababu ya kunywa, nami nimesimama katikati na mtoto mchanga mgongoni.

Siku ile ya sokoni, baba yake mkubwa, Daudi, kaka wa mume wangu, alikuwa amekuja mjini kutusalimia. Yeye na vijana wa ukoo ndio waliomfunga kamba mikono na miguu, wakamleta nyumbani kwenye mkokoteni kama gunia la mkaa. Simlaumu shemeji yangu. Alikuwa anafunga huku analia. Lakini alama za kamba zile ziko kwenye mikono ya mwanangu mpaka leo.

Tukaanza kuzunguka. Kwa mganga tulikwenda. Kwenye maombi tulikwenda. Mahali pa kwanza pa matibabu waliniambia, "Mama, huyu ni mlevi. Akiacha pombe ndipo mlete tumwangalie akili." Nikampeleka mahali pengine wanakowaachisha watu pombe. Wakaniambia, "Mama, huyu anaongea na bati. Akatibiwe akili kwanza." Huyu anatupa, yule anarusha! Nikawa naondoka huku na mgonjwa wangu, nafika kule na mgonjwa wangu, narudi nyumbani na mgonjwa wangu.

Nilichoka, ndugu zangu. Kuchoka kwa jembe unalala, asubuhi kumekwisha. Huku kuchoka kwingine unaamka nako, unakuvalisha kanga, unatoka nako. Nikamwambia Mungu waziwazi, "Baba, mponye, au unichukue mimi kwanza nisione mwisho wake." Sikuwa na sala nzuri zaidi ya hiyo.

Wakati huo mume wangu naye alikuwa amelazwa kitandani na ugonjwa. Padri alipokuja kumkomunisha akamwona Editha ameketi mlangoni akibishana na bati. Akatuambia kuna kliniki ambayo inaangalia vyote viwili, akili na pombe, kwa pamoja. Tukaenda.

Pale tulimkuta muuguzi mmoja, mama mnene mwenye kicheko kikubwa. Nikamweleza. Akasema, "Mama, haya magonjwa mawili yanalala kitanda kimoja. Ukiuamsha mmoja, na mwingine unaamka. Sisi tunayatibu pamoja."

Nikamwambia, "Basi mfungieni humu humu."

Akacheka. "Tumfungie mpaka lini, mama yangu? Humu hakuna kilabu. Hakuna jirani mwenye gongo. Hakuna mama wa kugombana naye. Atapona vizuri sana humu, halafu atarudi nyumbani kuugua. Acha tumtibu akiwa anaishi kwake."

Nilinuna! Nilitaka kupumzika, yeye ananirudishia mtu wangu. Akampa sindano ya kila mwezi na vidonge vya kila siku. Akamwambia kuna siku za kuja kukaa kwenye benchi na wenzake wenye tabu kama yake, waambiane ukweli. Nami nikapewa benchi langu, la wenye wagonjwa. Akatuambia pombe isionjwe hata funda moja. Akaongeza neno ambalo sikulielewa siku ile: "Na ukianguka, Editha, njoo hivyo hivyo. Usingoje kuwa msafi."

Mnadhani sauti zilikoma siku hiyo? Thubutu! Dawa zilimfanya alale, mate yamtoke, mikono itetemeke. Fundi cherehani mzima akawa hawezi kutunga uzi kwenye sindano. Nikawa namtungia mimi, na macho yangu haya yaliyokwisha. Mmoja haoni, mwingine anatetemeka, na sare za watu zinangoja! Tulicheka siku moja mpaka tukalia. Na kila siku ya kliniki ni kutembea, kwenda na kurudi, jua kali au matope, na magoti yangu haya. Ila sauti zikaanza kupungua. Siku moja Neema akaniambia, "Bibi, leo Mama hajagombana na bati." Nikaingia jikoni, nikalia peke yangu.

Ndipo mume wangu akafariki. Editha aliuvuka msiba bila tone. Tulipomaliza kuvuna, ukoo ukatuita kijijini, upande wa Madaba, kuondoa matanga. Hapo ndugu zangu ndipo nilipoogopa kwelikweli.

Ukoo wa mume wangu una desturi. Siku ya kuondoa matanga, pombe ya marehemu hutiwa kwenye kibuyu kimoja, na watoto wake wote hunywa humo, mmoja baada ya mwingine, mbele ya watu. Asiyekunywa, maana yake ana kinyongo na marehemu. Wengine watasema hata kwamba mkono wake umo kwenye kile kifo. Nilimtumia shemeji salamu mapema kwamba Editha yuko kwenye dawa. Sikupata jibu.

Kibuyu kikazunguka. Wakubwa zake wakanywa. Daudi akamfikia Editha, akamnyoshea. Harufu ya pombe ile naijua, inamwita mtu kwa jina. Editha hakukipokea.

Shangazi yake hakungoja. "We Editha! Ulikuwa unakunywa mpaka unalala mtaroni. Leo ya baba yako ndiyo imekushinda?"

Watu wakacheka. Mwingine nyuma akasema, "Mwacheni, amekuwa mtawa!"

Nikasimama. Mdomo wangu mnaujua. Nilikuwa nimeshafungua kinywa Editha akanivuta kanga. "Mama, kaa." Nikakaa.

Akamwambia Daudi, "Shikamoo, Baba Mkubwa. Baba nilimpenda. Lakini nikinywa hiki, wale watu wa juu ya bati watarudi, na wakirudi nyinyi ndio mtanifunga. Niambieni basi kabla sijanywa. Nani amekuja na kamba?"

Ndugu zangu! Daudi aliangalia mikono ya yule mtoto, zile alama. Mimi nilikuwa nasali, na sala yenyewe ilikuwa neno moja tu, "Yesu, Yesu, Yesu," kwa maana nilijua akinywa hapo namrudisha mjini mgonjwa, na sina tena nguvu za kuanza upya.

Daudi akakohoa. Akasema, "Leteni togwa." Yaani kile kinywaji chetu cha nafaka kisicholevya, hata watoto hunywa.

Shangazi akaruka. "Togwa? Kwenye matanga ya mwanaume?"

"Wewe ulikuja kumwona lini?" Daudi akamwuliza. "Mdogo wangu siku zake za mwisho alikuwa anakunywa nini? Kilichopita kwenye koo lake ni togwa, na aliyemnywesha kwa kijiko ni huyu Editha. Hicho ndicho kinywaji chao wawili. Leteni!"

Ikaletwa. Editha akainywa mbele ya ukoo wote, taratibu, mpaka akamaliza. Shangazi akabetua mdomo. Nami nikamwona Bwana ameketi palepale, katikati ya vibuyu!

Nisiwadanganye. Baada ya hapo aliteleza. Msimu wa mvua alipita kwa rafiki wa zamani, akarudi ananuka. Siku ya kliniki ilipofika akajifunika shuka. "Mama, nitakwendaje na harufu hii?" Hapo ndipo nilipolielewa lile neno la muuguzi. Nikamwambia, "Utakwenda nayo hiyo hiyo. Inuka." Tukaenda, mimi mbele, yeye nyuma kama mbuzi. Muuguzi akavuta pua, akasema, "Leo Editha amekuja na manukato." Hakumfokea. Akampima, wakakaa wawili wakaongea muda mrefu, akampa dawa yake, akampangia arudi mapema zaidi. Hakuanguka tena mpaka naandika haya. Kesho ni ya Mungu.

Kwa hiyo ninawasihi, ninyi mnaoficha watu ndani. Mnamwita mwehu, mnamwita mlevi, mnangoja atakate kwanza ndipo mumtoe. Hatatakata humo ndani! Mtoeni hivyo hivyo. Mpelekeni akiwa ananuka, akiwa anaongea na bati. Mwaminini Mungu, na dawa msiiache, kwa maana aliyemleta padri mlangoni kwangu ndiye aliyemweka yule mama mnene kule kliniki. Mungu wangu hakuniponyea mtoto kwa siku moja. Ananiponyea kidogo kidogo, kila mwezi, na mimi nakwenda kupokea.

Mwezi huu Editha alivaa, akachukua mwavuli, akaniambia, "Mama, wewe kaa. Kliniki nakwenda mwenyewe." Nikamsindikiza kwa macho mpaka kona. Nikarudi ndani, sijui niishike kazi gani. Nikaketi kwenye mkeka. Ndugu zangu, nililala! Mchana kweupe, mlango wazi, sufuria haijaoshwa. Aliporudi akanikuta nakoroma, akanifunika kanga.

Asante Yesu kwa usingizi ule. Nanyi mkipita kwangu siku ya kliniki mkaona mlango uko wazi na bibi amelala, msibishe hodi. Semeni tu Mungu ni mwema, mpite.