Hellen Aje na Mbwa au Asije

Kijiwe chetu cha Igogo ni benchi moja refu kwenye baraza la duka la Chandulal, na Venant na birika lake la kahawa pembeni. Mimi nauza karanga hapo hapo, kwa hiyo ugomvi wa ukoo unanikuta kazini. Wa Jumamosi ile ulikuwa wa mdogo wangu Dorotea. Amepooza upande mzima tangu masika, yuko kitandani tu. Binti yake Hellen yuko Ujerumani, mjane wa Mjerumani, hana mtoto, ana mbwa. Wiki iliyopita alipiga simu hapo dukani, Chandulal akapokea na kunieleza yote: anataka kuja kumuuguza mama yake, hata mwaka mzima, ila mbwa anakuja naye. Akasema atapiga tena Jumamosi tumjibu. Aje na mbwa, au asije. Wa kujibu ni kaka yake, Luhende, na Luhende siku hiyo hata kahawa alikuwa anaimeza kama dawa.

— Nyumbani kwangu mbwa halali ndani, akasema. Mama hawezi hata kufukuza inzi, halafu nimletee mbwa?

— Si amwache huko huko, akasema Yakobo. Huyu tunamwita Wakili, maana kesi yake ya mpaka kule Ilemela imemzeesha mahakamani.

— Hawezi, nikamwambia. Kasema kule ukimtelekeza mbwa unashtakiwa. Na wa kumwachia hana, mwaka mzima nani atakubali? Mbwa kaandikwa ofisi ya mji kwa jina la Hellen, na kodi analipiwa.

— Kodi ya nini?

Huyo ni Chenge. Tunamwita Redio. Redio yenyewe hana, ila habari zote anazo.

— Kodi ya kuwa mbwa. Kila mwaka.

— Ngoja kwanza, akasema Redio. Mimi juzi nimeruka ukuta kumkimbia mgambo kwa kodi ya maendeleo. Kumbe kuna mbwa amelipa, anatembea barabarani kifua mbele?

— Tena ana bima, nikasema. Mbili. Moja ni akiuma mtu, kampuni inamlipa aliyeumwa. Alishamuuma mtu wa posta, wakamaliza wenyewe, Hellen hakuguswa. Nyingine ni ya kutibiwa. Akikohoa tu, anapelekwa kwa daktari.

Hapo nilikosea kusema. Luhende aliweka kikombe chini.

— Mama nilimpeleka hospitali nimembeba mgongoni, akasema. Nikaambiwa siku hizi ni kuchangia. Nenda kanunue glovu. Nikanunua. Nenda kanunue sindano. Nikanunua. Sasa maji ya dripu. Nazunguka maduka ya dawa mji mzima, narudi, mdomo wake umeshapinda. Na huyo dada yangu amekaa huko anamkatia bima mbwa.

— Mama yenu angemkatia wapi? Bima hapa ni ya malori, akasema Wakili.

— Angekata huko huko aliko.

— Kule wangeuliza, huyu mgonjwa yuko wapi? Yuko Igogo. Igogo ndiyo wapi?

— Mbwa wanamjua, mama hawamjui, akasema Luhende. Ndicho ninachosema.

Na mimi nilikuwa upande wake. Mtoto anamwekea mama yake masharti ya mbwa? Nilisema hivyo, tena nilisema na mengine.

— Tusikilizane kisheria, akasema Wakili. Mbwa akija hapa akauma mtu, ile kampuni inalipa?

— Kasema bima haifiki Afrika.

— Basi umekwisha, Luhende. Mwenye mji ndiye anayeulizwa. Atakuja mtu na mguu wake, atakaa mlangoni kwako mpaka umpe ng'ombe.

— Hilo dogo, akasema Redio. Je, akiumwa yeye? Hawa mbwa wetu wa mwaloni, wanaokula vichwa vya sangara, wakimrarua? Kule watataka kumjua mwenye hao mbwa.

— Hawana mwenyewe.

— Ndiyo maana tutakamatwa wote. Na wewe Venant na birika lako, utakuwa shahidi.

— Akifa je? akauliza Wakili. Hazikwi hivi hivi huyo. Ubalozi lazima ujue. Wanakuja na daktari wao, wanampasua, wanatazama alikula nini. Wakikuta ugali, kesi.

— Mimi nawaambia kitu kingine, akasema Redio, na sauti akaishusha. Yule mzungu marehemu, nyumba aliandika jina la mbwa. Hellen pale ni mpangaji. Akimwacha mbwa, kafukuzwa.

Tulicheka mpaka Chandulal akachungulia. Luhende hakucheka.

— Simu ikilia, akasema, namwambia akae na mwanawe huko. Sisi mama yetu tutamtunza wenyewe.

— Sawasawa, wakasema.

Ndipo akaja Suzana. Suzana anakaa ukuta mmoja na Dorotea, na toka masika yeye ndiye anamwogesha, asubuhi na jioni. Hakuna aliyemwomba, alianza tu. Alikuwa na kikapu kichwani, kavaa viatu vya safari.

— Shikamoo bibi. Kaka zangu, za hapa.

— Marahaba. Unakwenda wapi?

— Buzuruga, nawahi basi. Binti yangu kajifungua Geita, naenda kumlelea, nitakaa mpaka katoto kakazane shingo. Nimeshamwogesha mama, nimembadilisha na shuka. Nimepita kuuliza, jioni nani anamwogesha?

Redio akatazama kikombe chake. Wakili akaanza kufunga kamba ya kiatu.

Luhende ni mtoto wa kiume, hawezi kumvua mama yake nguo. Mke wake ni mkwe, na kwetu mkwe akimwona mama mkwe uchi, hilo ni jambo la kuitia wazee. Akanitazama mimi. Mimi kiuno hiki ndoo ya maji tu hakiinui, atamgeuza mtu mzima? Anajua. Akageuza macho.

— Nauliza, maana akichelewa kubadilishwa anachubuka, akasema Suzana. Tayari mgongoni pameanza.

 Suzana akasubiri, akaweka kikapu sawa, akasema basi linamwacha, akaondoka.

Simu ikalia ndani.

— Luhende, akaita Chandulal. Ni Ujerumani, njoo upesi.

Luhende hakuinuka. Alikuwa anasugua magoti yake kwa viganja.

— Luhende, itakatika.

Nikaweka sinia la karanga juu ya mapaja ya Redio, nikaingia. Simu nilikuwa sijawahi kushika; Chandulal alinigeuzia mkono wa simu, nilikuwa naongelea kule kwa kusikilizia. Nikasikia mbwa akibweka mbali, na Hellen akimnyamazisha kwa Kijerumani.

— Kaka? Mmeamuaje?

— Siyo kaka yako. Ni mama yako mkubwa.

— Shikamoo mama.

— Marahaba. Huyo mbwa wako, dagaa anakula?