Maisha ya Kisiki, Mtu wa Mstari wa Mbele

Ndugu waombolezaji, majirani, wachezaji wa jana na wa leo, na ninyi mliovuka mpaka ili muwahi kumsindikiza, familia imeniomba mimi, mdogo wake wa mwisho, nisome maisha ya kaka yetu, nami nitasoma polepole, maana yeye mwenyewe hakupenda mtu anayekimbilia kumaliza.

Marehemu, ambaye hata mama mzazi aliishia kumwita Kisiki, alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 katika nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha nguo, akiwa mtoto wa pili kati ya watano wa baba aliyekuwa fundi mitambo na mama aliyekuwa mshonaji, na tangu utotoni alikuwa mfupi, mpana, mzito kuamka na mzito zaidi kusogezwa, kiasi kwamba tulipogombania nafasi kitandani tulimsukuma yeye mmoja sisi wote, na bado tukaamkia sakafuni.

Alisoma shule ya msingi ya kiwandani kuanzia 1975 hadi 1981, kisha sekondari ya wavulana kuanzia 1982 hadi 1985, ambako mwalimu wa jiografia, aliyekuwa pia kocha wa raga, alimtazama mara moja tu akamwambia, "Wewe hutakimbia, wewe utasukuma," akamweka mstari wa mbele wa skramu, pale wachezaji wa pande mbili wanapoinama, wakashikana mabega, wakapandanisha vichwa na kusukumana kama mafahali, na huko ndiko alikopewa jina hilo la Kisiki, lililomkaa kuliko lile la cheti.

Januari 1986 aliajiriwa katika karakana ya reli kujifunza kuchomelea vyuma, kazi aliyoifanya mpaka mwili ulipomkatalia, na Mei 1989 aliitwa timu ya taifa, wakati ambao, tusifichane, jirani zetu wa ng'ambo ya mpaka walikuwa wakitupiga kama ngoma, kwao na kwetu, jua na mvua, nasi tukirudi na visingizio vyetu, mara refa, mara uwanja, mara wenzetu wanakula vizuri, huku marehemu akikaa kwenye basi na kujiuliza swali moja tu, wale wana nini ambacho sisi hatuna.

Katikati ya ukuta wao alisimama dereva wa trekta aliyeitwa Tinga, ambaye kila mechi alikutana uso kwa uso na marehemu, na tarehe 7 Agosti 1993, ugenini, katika mechi tuliyofungwa 31 kwa 6, Tinga huyo alimchana sikio, marehemu akatolewa nje akivuja damu, akashonwa na muuguzi wa timu yao, binti aliyemwambia bila kuinua macho, "Tulia, kaka, aliyekuchana ni wa tumbo moja na mimi, acha nimfichie aibu," naye marehemu akarudi nyumbani akitabasamu hata tukadhani amegongwa kichwa, kumbe kaka alichana na dada akashona.

Desemba 1995 alikwenda kujitambulisha ukweni akiwa na wajomba wawili, na kesho yake asubuhi Tinga akamchukua mpaka uwanjani kwao, akamwonyesha mazoezi ambayo hakuna mgeni aliyewahi kuyaona, na kilichomshangaza marehemu ni kwamba hawakuwa wakubwa kuliko sisi wala hawakupiga kelele kama sisi, bali walishikana jezi, wakanyamaza, wakasubiri mpaka aliye dhaifu kuliko wote akae sawa na kuvuta pumzi, ndipo wakasukuma kwa pamoja, wakati kwetu kila mwenye nguvu alisukuma kivyake ili aonekane na kocha, na marehemu alipouliza, "Shemeji, mbona unanipa siri yenu?" Tinga alimjibu, "Kumpiga mtu asiyejua anapigwaje, kuna raha gani?"

Marehemu na yule muuguzi walifunga ndoa tarehe 20 Aprili 1996, wakajaliwa binti mmoja mwaka 1997 na mapacha wa kiume mwaka 2001, na siku za mechi ya nchi hizi mbili nyumba yao iligawanyika, shemeji yetu akitundika bendera ya kwao juu ya mlango wa jikoni, akatangaza kwamba asiyeipigia makofi atajipikia mwenyewe.

Aliyoyaona ugenini aliyaleta nyumbani, wakubwa wakamcheka, eti amelishwa limbwata na wakwe, lakini akavumilia, akawafundisha wenzake mmoja mmoja, na tarehe 12 Julai 1997 tuliwashinda jirani zetu 16 kwa 13, skramu ya mwisho ikiwa mbele kabisa ya mstari wetu wa goli, wao wakisukuma, sisi tukikataa kusogea, mpaka kipenga kikalia, na mtu wa kwanza kumkumbatia marehemu alikuwa Tinga, matope mpaka kwenye meno, akimwambia, "Sasa ndiyo tunacheza."

Alistaafu kucheza mwaka 1999, akawa kocha wa skramu wa timu ya taifa kuanzia 2001 hadi 2018, akashinda na kushindwa, na hakuwahi kukubali mtu awatukane wapinzani mbele yake, alisema bila wao tungebaki tukijisifia ujinga.

Februari 2019, pale karakana, kishikio cha mashine ya kuchomelea kilimponyoka mkononi, akacheka, akasema uzee umebisha hodi, lakini baadaye vifungo vya shati vikamshinda, kisha kikombe, na tarehe 16 Septemba mwaka huo madaktari walieleza kwamba mishipa inayoiamrisha misuli yake ilikuwa ikifa na kwamba dawa ya kuizuia haipo, naye akauliza, "Nifanye mazoezi gani?" na daktari akatazama meza yake.

Aliyafanya hata hivyo, alibana mpira mdogo mkononi kila asubuhi mpaka asubuhi ambayo mpira ulidondoka na vidole havikujua, mwaka 2020 miguu ikaenda, mwaka 2021 sauti ikaenda, na akili yake ikabaki nzima ikitazama yote hayo, huku mkewe, muuguzi wa miaka mingi, akijua kila kitakachofuata na asiweze kukizuia hata kimoja.

Januari 2022 Tinga aliacha shamba lake akaja kukaa hapa, akawa ndiye anayemwogesha na kumgeuza, na siku ya kwanza alipomnyanyua kutoka kitandani alisimama naye katikati ya chumba, akasema, "Miaka yote ile nimekusukuma hukusogea, shemeji, leo nakubeba kama shati," na marehemu, ambaye hakuwa na kitu kinachosogea ila macho, akamcheka kwa macho hayo.

Lakini mchana mmoja tulimkuta Tinga nyuma ya nyumba, amekalia ndoo, analia, akimwambia dada yake, "Niambie nisukume wapi, dada, niambie tu," na shemeji yetu akajifuta mikono, akamjibu, "Hakuna pa kusukuma, kaka. Mshike tu."

Basi tulimshika, watoto miguuni, mkewe kichwani, Tinga amemkinga mgongo ili kifua kipate nafasi, na asubuhi ya Jumapili tarehe 5 Juni 2022, katika chumba kilichojaa watu wenye nguvu, pumzi yake ilifupika, ikafupika tena, na sote tulikuwa tukiisikia, na hakuna aliyeweza kumwongezea hata moja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliotuambia ukweli bila kuupamba, majirani mliotupikia na kutufulia bila kuombwa, mafundi wa karakana mliomtengenezea kitanda cha kuinuka, na timu zote mbili za taifa zilizoketi hapa zikiwa zimechanganyika, kiasi kwamba leo hatujui nani wetu na nani wao.

Shemeji Tinga tulimwomba aseme neno, amesema hawezi, ameketi pale mbele na mikono yake mikubwa imelala mapajani, na sisi hatujui tumpe nini ashike.

Kaka, umechoka vya kutosha. Pumzika kwa amani.