Simai Jaku na Uwanda wa Kendwa

Bismillahi. Assalamu alaykum, nyote mliokuja kutusomea hitima. Mimi ni Junaid, mtoto wa Bi Bashira, dada yake marehemu. Nimepewa kazi ya kuwasomea maisha ya mjomba wangu, na wapo jamaa walionishauri niuache uwanda wa Kendwa nje ya karatasi hii. Marehemu aliniagiza nisiuache. Alitaka azikwe kwao, na aliogopa kwamba kwao hawatamtaka.

Mzee Simai Jaku Himid alizaliwa Kendwa, pwani ya kaskazini, tarehe 12 Machi 1944. Alihitimu Qur'ani akiwa na miaka kumi, kisha akaletwa Jang'ombe kwa shangazi yake ili asome skuli ya mjini. Mwaka 1965 alipelekwa Ujerumani ya Mashariki kusomea upimaji wa ardhi. Alirudi 1969 na sanduku la vitabu na jina la Komredi, ambalo watu wa Jang'ombe walimwita kwa utani mpaka likamganda.

Mjomba aliamini kwamba mnyonge hana kabila, na anayekuuliza kabila lako anatafuta pa kukugawa. Alipomuoa Bi Badriya Badar wa Mji Mkongwe, Agosti 1971, penye nafasi ya kabila kwenye hati ya ndoa aliandika "mfanyakazi," yake na ya bibi harusi. Bi Badriya alimwambia karani kuwa yeye hajapata kufanya kazi hata siku moja, na kama uongo umeanza mapema hivyo basi anarudi kwao. Walikaa pamoja miaka hamsini na tatu.

Mwaka 1974 alipelekwa kaskazini kuandikisha ardhi. Kendwa walikuwa na uwanda wao wa pwani, ardhi ya mawe ambayo kila mwana wa ukoo alilima muhogo na kukata kuni, na hakuna aliyeruhusiwa kuuza. Ami yake, Mzee Mmanga, alimtaka aandike kuwa ni ya ukoo. Mjomba alimjibu kuwa ukoo ni mlango wa ukabaila. Akaandika: "Haina mwenyewe. Ni ya umma." Alidhani anawakinga. Simtetei, nasema alivyodhani.

Mwaka 2008 akaja mwekezaji wa hoteli, akapewa uwanda kwa kuwa ni wa umma. Wazee walipokwenda kudai, wakaonyeshwa daftari lile la 1974. Mjomba, keshastaafu, alikwenda mbele ya kamati ya ardhi kuwatolea ushahidi. Mwenyekiti alimuuliza kama mwandiko ni wake.

"Naam, ni wangu. Nlikosea. Wenyewe ndio hawa waliokaa nyuma yangu, na mimi ni mmoja wao."

Hawakupewa. Ukuta ukajengwa. Mzee Mmanga alifariki mwaka uliofuata bila ya kusema naye, na hilo lilimla mjomba kuliko maradhi. Ujamaa hakuuacha. Alikuwa akisema hakukosea kutaka usawa, alikosea kudhani watu wake hawakuwa nao mpaka yeye awaletee kutoka Ujerumani.

Kisukari kilimuanza 2015, na mwaka 2022 alikatwa mguu. Figo zilipochoka, alikataa kurudi hospitali. Alifariki nyumbani kwake Jang'ombe, alfajiri ya Jumatatu, 3 Februari 2025, na tukampeleka Kendwa siku hiyohiyo.

Ameacha mjane, Bi Badriya. Dada, Bi Bashira. Watoto watatu, Talib, Nadra na Rukaiya. Na wajukuu saba. Ameacha na dai.

Alipokwisha kuswaliwa, Talib alisimama kama ilivyo ada yetu, akaomba anayemdai baba yake ajitokeze au amsamehe. Kwa kawaida watu huitikia kuwa wamesamehe, jeneza likanyanyuliwa. Safari hii alisimama Ayoub, mtoto wa Mzee Mmanga, akasema yeye anamdai. Talib akamuuliza anadai nini.

"Uwanda," alisema Ayoub.

Sote tuliinamisha vichwa, na mimi nilijua kuwa hichi ndicho alichokiogopa mjomba. Ayoub akatoka kwenye safu, akalishika jeneza upande wa mbele.

"Yeye nshamsamehe. Uwanda sijausamehe. Haya, tumchukueni ndugu yetu."

Mola amrehemu Simai Jaku, na huko aliko ampe utulivu alioukosa hapa. Amin.