Dakika Kumi na Mbili za Spana

Benchi letu ni mbao mbili juu ya magurudumu ya kebo, nje ya geti la pili, pale mvuke wa mnara wa kupozea maji unapotudondokea vichwani hata siku ya jua. Anayeuza kahawa tunamwita Birika, naye anatuita "nyie wa mashine". Mashine yenyewe iko chini ya ardhi: bomba refu ambamo protoni zinasukumwa, zinasukumwa tena, mpaka zinakaribia mwendo wa mwanga, kisha zinapigizwa kwenye pande la chuma tunaloliita shabaha, na wataalamu wanasoma kinachoruka. Mwaka huu waliamua kuipandisha nguvu mara mbili. Zikaja sumaku mpya, pampu mpya, maji mengi zaidi, na fundi bomba wetu, Spana, akawa anaitwa kila wiki kwenda kukaza kinachovuja. Siku ninayoisimulia ilikuwa ya nne tangu Spana alazwe. Anatapika, mikono imevimba na kuwa myekundu, na madaktari wanasema mionzi, lakini hawajui ni mingi kiasi gani, na bila kujua hilo hawajui waanze dawa ipi. Mimi ni Karani. Nakaa mlango wa handaki, naandika nani kaingia saa ngapi na katoka saa ngapi. Tulikuwa wanne benchini, na kahawa yangu ilipoa mkononi.

Winchi: Daftari linasema dakika kumi na mbili. Kumi na mbili tu jamani! Mimi na kreni yangu tumekaa mle zaidi ya hapo, nikatoka nikala sahani mbili.

Koili: Kumi na mbili ndiyo kiwango. Waliopima walisema hivyo. Mtu anaingia, anatoka, anarudi kwa mkewe.

Winchi: Sasa mbona anatapika damu?

Profesa: Haraka haraka haina baraka.

Winchi: Hiyo imeingiaje hapo?

Profesa: Kuna kitu chenye haraka kuliko protoni? Nitajie kimoja.

Profesa anadeki chumba cha udhibiti. Kwa miaka tisa amesikia kila neno la wataalamu huku akisukuma dekio chini ya viti vyao, na yote ameyashika, isipokuwa maana. Koili ni mwingine kabisa. Huyo amezungusha waya wa shaba kwenye sumaku za mashine hii miaka thelathini na moja, amestaafu, na bado anakuja benchini kila asubuhi kama anayechungulia mtoto aliyemwachia watu. Akiongea, tunanyamaza.

Koili: Nisikilizeni. Mwale wa protoni unatakiwa upite katikati ya bomba kama uzi kwenye tundu la sindano. Sumaku ndizo zinazoushika. Sumaku moja ikikaa upande, hata kwa unene wa ukucha, protoni zinamwagika njiani, zinaligonga bomba, na bomba lenyewe linaanza kutoa mionzi. Unazima mashine, lakini bomba halijui kwamba umezima.

Winchi: Maji yakimwagika hayazoleki.

Koili: Leo umepatia, tia alama. Sasa, wewe unaongeza nguvu mara mbili. Zile zilizokuwa zinamwagika kijiko, zinamwagika kikombe. Niliwaambia: kabla ya kuongeza nguvu, pangeni sumaku upya, moja moja, kwa mkono. Wakaniambia mzee, kompyuta imeshapanga. Mimi nasema kile kiwango cha dakika kumi na mbili ni cha mashine ya zamani.

Nilimpenda Koili kwa maneno hayo. Kweli nilimpenda. Kama kiwango ndicho kibovu, basi kuna mtu mwingine, ofisi nyingine, karatasi nyingine, na mimi naweza kunywa kahawa yangu. Lakini Winchi akatikisa kichwa.

Winchi: Hapana, mzee wangu. Walipima upya asubuhi ileile Spana aliyoingia. Kipimo nilikiteremsha mimi kwa kreni mpaka kwenye shabaha. Mpimaji akasoma, akapiga hesabu, akasema kumi na mbili, sekunde isizidi.

Koili: Una uhakika?

Winchi: Kama ninavyokuona. Tatizo ni subira. Zamani mashine ikizimwa tulisubiri siku tatu mionzi ipungue, ndipo mtu aingie. Safari hii walisubiri usiku mmoja, kisa wageni wanakuja kuona nguvu mpya. Mkubwa akasema, chelewa chelewa utamkuta mwana si wako.

Koili: Lakini kipimo kilisomwa baada ya huo usiku mmoja. Umesema mwenyewe.

Winchi: Basi... asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Koili: Spana alilisikia la mkuu, Winchi. Ndiyo maana yuko hospitali.

Winchi akajikuna shingo. Birika akamwongezea bila kuulizwa.

Winchi: Haya, niseme ninachofikiri? Waliiwasha. Mtu yuko ndani, wao wakaiwasha kidogo, kujaribu tu.

Koili: Haiwaki. Anayeingia anachomoa ufunguo mmoja kwenye ubao wa kuwashia, anautia mfukoni. Tundu moja likiwa tupu, mashine haiwaki hata uipigie magoti.

Winchi: Na beji yake? Ile inayohesabu mionzi kifuani? Si ingetuambia?

Hapo kila mtu akatazama pembeni. Beji ya Spana ilikutwa kwenye msumari wa chumba cha kubadilishia nguo. Tunajua ilivyofika pale, kwa sababu mafundi wote wanafanya hivyo. Beji ikijaa kabla ya mwaka kuisha, unahamishiwa uani kufagia majani, na fundi wa kweli hataki kufagia majani wakati bomba lake linavuja.

Profesa: Kikulacho ki nguoni mwako. Ndiyo maana aliivua.

Winchi: Profesa, jamani.

Profesa: Mnacheka, lakini mimi ninayo sababu yenyewe, na si ya kubahatisha. Wataalamu wanasema kitu kikikimbia karibu na mwendo wa mwanga, saa yake inaenda tofauti na ya kwetu. Nimesikia kwa masikio yangu, mkubwa alikuwa anawaeleza wanafunzi. Sasa wameipandisha nguvu mara mbili. Muda wa mle ndani umevurugika. Huku mlangoni Karani anaandika kumi na mbili, kule ndani kwa Spana imepita saa nzima.

Winchi alicheka mpaka akamwaga kahawa kwenye suruali. Koili naye akatabasamu, mara ya kwanza siku hiyo. Mimi sikucheka. Katika mambo yote yaliyosemwa benchini asubuhi ile, upuuzi wa Profesa ndio pekee uliokuwa karibu na ukweli, na mtu wa kumwambia hivyo nilikuwa mimi.

Sikumwambia. Kabla sijapata hata pumzi, tukamwona binti wa Spana anavuka barabara. Ni fundi cherehani, ana duka lake, na tulizoea kumwona kajipamba. Siku hiyo alikuwa na ndala za hospitali, moja kubwa kuliko nyingine, na daftari dogo mkononi.

Binti: Shikamooni wazee wangu.

Koili: Marahaba mwanetu. Kaa. Birika, mpe kahawa.

Binti: Ahsante babu, sitakaa. Baba anawasalimu wote.

Winchi: Anaongea?

Binti: Kidogo kidogo. Jana alifanya mzaha na muuguzi. Daktari anasema nisidanganyike, wakati mwingine mtu anapata nafuu siku mbili tatu, kisha ndiyo inaanza. Damu yake itaonyesha alipata kiasi gani, lakini ni mpaka siku zipite, na daktari hataki kusubiri. Akijua muda baba aliokaa ndani, atajua leo kama waanze kumwekea uboho wa baba mdogo. Nao si wa kumwekea mtu ovyo, unaweza kumuua.

Koili: Daftari la mlangoni linasema dakika kumi na mbili.

Binti: Daktari aliambiwa. Anasema kumi na mbili haziwezi kumfanya mtu hivi. Kwa hiyo nikamuuliza baba mwenyewe. Baba anasema hajui, saa haziruhusiwi mle kwa ajili ya sumaku. Anasema mtu wa mlangoni ndiye anayepiga honi, ukiisikia unaacha kila kitu unatoka. Na yeye anasema hakuisikia.

Akafungua daftari, akanitazama mimi. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

Binti: Anakuomba radhi, mzee Karani. Anasema masikio yake siku hizi si ya kuaminika, zile pampu zimeyamaliza, na huenda ulipiga ukapiga mpaka ukachoka. Alitaka nikwambie hivyo kabla ya lolote. Mimi nataka kitu kimoja tu, nikamwambie daktari. Ulipiga honi saa ngapi?

Koili akatazama viatu vyake. Winchi akajifuta suruali iliyokwisha kukauka. Wote walijua. Siku nne tulizungusha sumaku na protoni na wakubwa, ili tusifike pale binti alipofika kwa swali moja.

Mimi: Sikupiga.

Binti: Sijakusikia, mzee wangu.

Mimi: Honi haikupigwa. Sikuwa mlangoni. Nilikuwa hapa.

Nikamwambia yote, maana ukishaanza kuoga huachi povu masikioni. Kwamba nilimwandika baba yake saa nne na dakika tano, nikatoka kunywa kikombe kimoja tu. Kwamba nilikuta ubishi umepamba moto, ipi bora, mashine ya duara au ya kunyooka, na mimi nina maoni yangu kuhusu mashine ya duara, aibu iliyoje. Kwamba niliporudi mbio nilimkuta Spana ameketi kwenye ngazi nje ya mlango, jasho linamtoka, anacheka. "Karani, leo umenipendelea," akaniambia. "Kila siku unanitoa nati zikiwa nusu. Leo nimekaza zote, haivuji tena." Nikachukua kalamu, nikaandika saa nne na dakika kumi na saba.

Binti: Kwa hiyo alikaa muda gani?

Winchi: Haikufika nusu saa. Mimi nilikunywa viwili tu.

Profesa: Ulikunywa vitatu, cha tatu ulikopa kwangu.

Koili: Birika alibadilisha mkaa katikati. Nakumbuka moshi.

Birika: Nilibadilisha mara mbili. Na birika lilikwisha, nikaenda kuchota maji bombani, nikachemsha upya, nyie bado mnapigiana kelele.

Winchi: Hilo la maji lilikuwa juzi yake!

Birika: Lilikuwa siku hiyohiyo. Vikombe safi viliisha, Karani akanywea changu.

Binti alikuwa anaandika. Aliandika thelathini, akafuta. Akaandika hamsini, akaweka alama ya kuuliza, akafuta. Karatasi ikaanza kutoboka.

Binti: Niandike ngapi?

Koili, aliyejua sumaku ikikosea kwa unene wa ukucha, akahesabu vikombe kwa vidole, akaanza upya. Nami nilitafuta kichwani nambari yoyote ile, na kila niliyoipata ilikuwa ya kubuni, kama ile ya kwanza. Nikamwambia nitafuatana naye nikamweleze daktari mwenyewe.

Binti: Utamweleza nini, na wewe hujui?

Akafunga daftari. Alipofika ukingoni mwa barabara akasimama, tukadhani sasa atatutukana, na mimi nilikuwa nangoja kwa hamu.

Binti: Nitamwambia baba masikio yake ni mazima. Yamemsumbua sana tangu jana.