Gunzi Halijui Kusema Uongo

Sogeeni, wanangu, nawe Anselmo usisimame mlangoni kama mgeni, maana neno hili ni lako kuliko la wenzako, na pumzi niliyonayo haitoshi kulisema mara mbili.

Mnakumbuka lile gurudumu la magunzi yaliyofungwa pamoja tunalopukuchulia mahindi liliponiponyoka likatumbukia kwenye ndoo ya maji ya mfereji, maji ya buluu kutoka kiwanda cha kufua jinzi. Kesho yake nikakuta maji yametakata, magunzi ndiyo ya buluu. Wazee wa kamati ya maji hapa Tehuacán waliniita mhandisi wa magunzi, wakacheka, kisha wakachimba birika la kuchujia maji. Bonde zima likaleta magunzi badala ya kuyachoma chini ya chapati za mahindi, kiwanda kikakubali kupitisha maji humo, nami nikampa Anselmo ufunguo wa lango la kuingizia maji birikani, kwani damu ni nzito kuliko maji.

Afisa wa mazingira huja mara moja kwa mwaka, tena hutangaza siku, asije akamfumania mtu. Mwaka huu alitazama, akasifu, akagonga muhuri; wino wake ndio buluu pekee iliyoonekana siku ile.

Juzi binti yangu Zenaida alinishika mkono hadi birikani. Nikavunja gunzi lililowekwa miezi minne nyuma: jeupe hadi kiini. Gunzi halijui kusema uongo. Maji yalikuwa yakipitishwa kwenye bomba la siri chini ya ua wa kiwanda, na mlinzi wa lango ni mwanangu wa kumzaa.

Hakukana. Magunzi hujaa rangi upesi, alisema, kuyabadilisha kunachelewesha kazi, na kiwanda kikifungwa watu mia nne watakula nini.

"Mahindi," nikamwambia, "kama yataota."

"Kwani nani analima kule chini, mama? Wazee watatu na punda."

Basi sikilizeni. Nyumba, jiwe la kusagia na ufunguo wa lango ni vya Zenaida. Shamba la chini, la kwanza kunyweshwa na bomba lile, ni lako, Anselmo. Usiliuze, usilikodishe; lilime, ule mavuno yake wewe na wanao. Wazee watatu, punda, na wewe.

Sikulaani. Mchuma janga hula na wa kwao, na hao wa kwenu ni wajukuu zangu. Siku utakayomletea dada yako gunzi la buluu hadi kiini, akurudishie ufunguo.

Niinueni kidogo... Mungu awape mvua, wanangu, na mpendane... hata mkikasirikiana.

Anselmo. Niletee maji ya kunywa. Wewe... unajua ya wapi hayajapita bombani.