Yousuf Muhanna na Punda wa Lugoba

Tunayemsitiri leo ni Yousuf bin Muhanna, mkodisha farasi wa harusi, mtu wa maneno mengi na moyo mweupe.

Alizaliwa Bagamoyo mjini tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa pili wa Bwana Muhanna na Bi Ghalia. Alisoma Kurani chuoni, kisha shule ya msingi hapahapa. Walimu wakimkosa darasani, walijua pa kumtafuta: zizini kwa babake.

Mwaka 1984 alimuoa Bi Maulida wa Kaole. Alikwenda kwa farasi, na farasi akaupita mlango wa bibi harusi, akampeleka mpaka kisimani, akanywa maji kwa raha zake. Wakwe wakangoja. Bi Maulida amelicheka jambo hilo maisha yao yote.

Alirithi zizi, na baadhi yenu mliosimama hapa mlioa juu ya farasi wake. Mwaka 2016 alinunua punda Lugoba, mnene, anang'aa, akamsifia mji mzima, akamfunga pamoja na farasi. Haukupita muda farasi wawili wakavimba juu ya macho, wakatokwa na povu puani, wakafa. Marehemu akamshuku farasi mzee mwenye kikohozi, akamtenga. Punda akamwacha alale ubavuni mwa Johari, farasi jike aliyempenda kama mwana.

Binti yake Adila, afisa mifugo, alichukua damu ya wanyama wote, ikapelekwa maabara. Farasi mzee wa kikohozi alikuwa safi. Virusi vilikuwa kwa punda.

"Baba, punda anavibeba na haugui," alisema Adila. "Usubi humuuma yeye, kisha humuuma farasi."

Yousuf alilia, wallahi. Siku hiyohiyo akamhamishia punda mbali hadi damu yake ilipokuwa safi, akaziba zizi kwa chandarua. Johari akanusurika. Wengine wangeficha aibu, yeye aliitembeza mpaka Ubena, akiwaambia wafugaji, "Mgonjwa mnamwona. Mpimeni mzima."

Mwenyewe hakupimwa. Adila alimsihi apime presha, akajibu kwamba anakula, anashiba, analala, sasa apime nini? Tarehe 9 Januari 2025 alianguka akimsugua Johari. Alifariki hospitalini tarehe 11. Daktari alisema presha ilikuwa juu kwa muda mrefu. Tunamlilia, na tumemkasirikia pia.

Ameacha mjane, Bi Maulida, watoto wawili, Adila na Ashrafu, na wajukuu. Tukirudi nyumbani, nesi Habiba yuko barazani na kipimo cha presha. Adila ameomba anayejiona mzima ndiye aanze.

Mola ampumzishe Yousuf kwa amani.